Tusizime ukaguzi wa sahihi

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba anayetumia Mutt, programu ya kusomea barua pepe, akichoshwa na onyo kuwa sahihi ya kidijitali ya barua haikuthibitishwa, auzime tu ukaguzi, maadamu barua yenyewe imesimbwa, yaani imefichwa kwa msimbo. Mimi husimamia seva za barua pepe, na ushauri huo unanitia hofu. Ufunguo wako wa umma, ule wa kukusimbia barua, hupewa kila mtu. Yeyote aliye nao anaweza kukusimbia barua na kujiita mkuu wako wa kazi. Sahihi ndiyo inayomuumbua.

Kabla ya kuzima chochote, soma GnuPG, programu ambayo Mutt huitumia kusimba na kukagua sahihi, imesema nini, usiishie kwenye mstari wa chini wa Mutt. Ikisema haina ufunguo wa umma wa mtumaji, basi sahihi haijakaguliwa kabisa: uombe ufunguo, kisha mpigie mtumaji simu mlinganishe alama ya utambulisho ya ufunguo huo. Ikisema sahihi ni mbaya, kuna kilichobadilika njiani, pengine seva iliyobandika tangazo chini ya barua. Hiyo usiipuuze.

Kuna sababu nyingine wengi hawaijui. Mwenzangu kazini alibadilisha lugha ya kompyuta yake kuwa Kifaransa, na tangu siku hiyo kila sahihi ikakataliwa. Faili lake la mipangilio lilikuwa la zamani: katika pgp_good_sign, mpangilio unaotaja maneno yanayothibitisha sahihi, Mutt iliagizwa kutafuta sentensi ya Kiingereza, na GnuPG sasa ilikuwa ikijibu kwa Kifaransa kwamba sahihi ni nzuri. Tuliongeza --status-fd=2, inayoiagiza GnuPG itoe pia mistari ya hali ya kusomwa na programu, kwenye amri ya kukagua, tukaweka "^\\[GNUPG:\\] GOODSIG" mahali pa ile sentensi. Mstari huo haubadiliki kwa lugha yoyote. Alama ya ^ isiachwe, maana ndiyo inayodai maneno hayo yaanze mwanzo wa mstari.

Hata hivyo, mwenye GnuPG ya kabla ya 2.2.8 aiboreshe kwanza. Mwaka 2018 iligundulika kwamba jina la faili lililofichwa ndani ya ujumbe liliweza kughushi mistari hiyohiyo ya hali, pale mtumiaji alipowasha verbose, yaani maelezo marefu, katika gpg.conf, faili la mipangilio la GnuPG. Aiondoe verbose, kisha aifungue upya barua iliyomsumbua. Sahihi ikikubaliwa, herufi s ndogo kwenye orodha ya barua hugeuka S kubwa.

Msimamizi wa seva