Bunduki ya mtandaoni haifiki mlangoni

Mhariri,

Si kweli kwamba Marekani bunduki ya mtandaoni huuzwa bila ukaguzi. Kwa kawaida duka haliitumi nyumbani kwa mnunuzi. Huipeleka kwa muuzaji wa karibu mwenye leseni ya serikali kuu. Hapo mnunuzi hujaza fomu 4473, ya serikali kuu ya ununuzi wa bunduki, na kuchunguzwa rekodi zake za uhalifu, sawasawa na aliyenunua dukani. Ada ya upokezi anayotoza muuzaji huyo, mara nyingi dola 20 hadi 50, huweza kula nafuu ya bei ya mtandaoni. Kasoro ya bunduki itafutwe kabla ya kujaza fomu, maana ukishaondoka nayo wauzaji wengi hawakubali uirudishe. Kitambulisho chenye anwani ya zamani nacho hukwamisha ununuzi. Mwanya halisi ni watu binafsi wanaouziana ndani ya jimbo moja: sheria ya serikali kuu haiwalazimishi ukaguzi huo. Baadhi ya majimbo huwalazimisha, Ohio hapana.

Msomaji,
Columbus, Ohio