Medali hazifuti alama za LSAT

Mhariri,

Wazazi wengi wa Iten na Eldoret wenye watoto wanaokimbia katika vyuo vya Marekani wanadhani kwamba miguu iliyompeleka mtoto chuoni ndiyo itakayomwingiza shule ya sheria. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule ya sheria haina timu. Kocha hana sauti pale, wala udhamini wa riadha haupo.

Kinachotazamwa kwanza ni wastani wa alama za shahada na LSAT, mtihani wa kuingilia shule ya sheria, unaotolewa alama kati ya 120 na 180. Riadha hufuata nyuma, na huwa na uzito ikielezwa kwa hesabu. Kuandika "mwanariadha wa chuo" hakumwambii msomaji kitu. Taja saa: kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, zinaruhusu hadi saa 20 za michezo kwa wiki wakati wa msimu, bila kuhesabu safari, na mkimbiaji wa masafa marefu ana misimu mitatu kwa mwaka: nyika, ukumbini, kisha uwanjani. Kama alama zilishuka muhula alioumia, aambatanishe maelezo ya aya moja: muhula gani, nini kilitokea, alama zilipanda vipi baadaye. Malalamiko yasiwemo.

Wengi huharibu kwenye insha ya maombi. Mzunguko wa mwisho, maumivu, sikukata tamaa: wasomaji wa maombi wamechoka na hadithi hiyo. Mkimbiaji wa Kenya ana jambo zito zaidi karibu naye. Katika kesi za dawa zilizopigwa marufuku, mwanariadha huwajibika kwa kilichokutwa mwilini mwake hata kama hakukusudia. Je, ni haki? Hilo ni swali la mwanasheria, na anayelijadili kwa makini huonyesha anavyofikiri.

Barua za mapendekezo zitoke kwanza kwa wahadhiri waliosahihisha maandishi yake. Ya kocha iwe ya ziada.

Kisha kuna kalenda, ambayo ndiyo huwaponza walio bora. Maombi hufunguliwa karibu na Septemba, na shule nyingi huyasoma kadiri yanavyoingia. Fainali za nyika ni Novemba. Anayengoja msimu uishe ndipo afanye LSAT hukuta nafasi na misaada ya karo imeanza kugawanywa. Afanye Juni au Agosti, kabla mazoezi hayajakolea.

Na anayekusudia kurudi kufanya kazi ya uwakili Kenya aulize mapema Baraza la Elimu ya Sheria masharti ya kutambua shahada ya nje, kabla hajalipa hata karo ya muhula wa kwanza.

Mshauri wa wanafunzi,
Eldoret