Jumamosi: katuni za udongo, kisha santuri

Wapendwa, habari zenu. Jumamosi tunaanza na katuni za wanasesere, zile zinazopigwa picha moja moja. Sekunde 1 ya filamu ina picha 24. Hata kila mkao ukipigwa mara 2, bado mwanasesere anasogezwa mara 12. Dakika nzima ni mara 720! Ndiyo maana alama ya kidole kwenye udongo hunifurahisha kuliko ulaini wa kompyuta. Unauona mkono wa mtu.

Halafu santuri. Zisimamisheni wima kama vitabu, mbali na jua, zikirundikwa hupinda. Mimi hupanga kwa jina la mwanamuziki, basi. Niliwahi kupanga kwa rangi za majalada, nikatafuta wimbo mmoja jioni nzima.

Mwenye kamera aje na stendi yake, tafadhali.