Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mwaka wa Kujifunza Kushuka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wapanda minara ya simu, wazee wetu waasisi, na ninyi vijana mliojiunga mwaka huu, poleni na safari. Najua wengine mmetoka Sumbawanga na Ludewa, na yuko mmoja aliyeshuka mnarani Makete jana jioni, grisi bado iko kwenye kucha. Karibuni Mbeya. Ada na matumizi atavisoma mweka hazina. Mimi sitavigusa, maana mwaka jana niligusa tukakesha.

Nitasema zaidi juu ya mafunzo. Tangu chama kianze, aliyeomba kujiunga tulikuwa tunamuuliza: umewahi kupanda mita ngapi? Mwaka huu kamati imelifuta swali hilo na kuweka mawili. La kwanza: mwenzako akizimia akiwa mita 40 juu, unamshushaje? La pili: kazi ulizofunga mwaka uliopita, umerudishwa juu mara ngapi kuzirekebisha? Wapo waliolalamika kwamba tunawafungia vijana mlango. Naomba niwaeleze tulivyofika hapo.

Mwezi wa tatu, kampuni moja ndogo, ambayo sitaitaja, ilipeleka watu watatu kufunga dishi. Mmoja aliteleza akabaki ananing'inia kwenye hanesi, ile mikanda ya usalama inayovaliwa mwilini. Kamba ilimdaka vizuri, kifyonza mshtuko kikafunguka kama inavyotakiwa, na hadi hapo hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba aliyebaki naye juu hakuwahi kumshusha mtu maishani mwake, na wa chini alikuwa deiwaka aliyechukuliwa asubuhi ile stendi ili avute kamba. Wakabaki wanaitana. Mikanda ya mapajani inakaba, damu inajaa miguuni hairudi, na ndani ya dakika chache tu mtu anaweza kuzimia. Bahati mwanachama wetu alikuwa saiti ya jirani, akaja na kamba ya uokoaji. Kijana yuko hai, na ameniruhusu nilisimulie hili bila jina lake. Nilipomuuliza cheti, alinionyesha. Kina mhuri na picha, na kinasema amefuzu kupanda. Siku ile moja ya mafunzo hakuna aliyemfundisha kushuka na mwenzake.

Ndiyo maana pesa kubwa ya mwaka huu imekwenda kwenye kile chuma mnachokiona nje. Tulipata vipande vya mnara chakavu kwa wauza vyuma, wachomeleaji wetu wakavinyoosha, tukausimamisha mnara wa mita 12 kwenye kiwanja tulichopewa na mwanachama mmoja. Mgonjwa wetu ni gunia la mchanga la kilo 80 lililovalishwa hanesi. Siku ya kwanza kundi la wazoefu, nami nikiwemo, lilichukua dakika 50 kulifikisha chini, na lilifika limepasuka. Tulicheka, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nimepanda minara tangu enzi za fida, zile nyaya za kupeleka mawimbi kwenye antena, nene kama mkono, na gunia ndilo lililonionyesha kwamba miaka yote hiyo nilikuwa naishi kwa bahati.

Darasa linaendeshwa Jumamosi. Linaanzia chini, kwenye kukagua vifaa: kushika kila mshono wa hanesi kwa vidole, kutafuta uzi uliokatika au uliochomwa na cheche za kuchomelea. Hanesi iliyokwisha kudaka mtu haivaliwi tena, hata ikionekana mpya. Tunazikata kwa kisu mbele ya wote zisije zikarudi sokoni. Kisha kamba pacha, yenye ndoano mbili: ndoano moja lazima iwe imeuma chuma muda wote, na unaifunga juu ya kichwa chako, siyo miguuni, kwa sababu ukiifunga miguuni umejiongezea urefu wa kuanguka kabla kamba haijakaza. Kisha kapi na kamba ya kuongozea mzigo. Baada ya hapo ndipo watu hupanda, na hakuna anayepewa barua ya chama kabla hajalishusha gunia salama mara tatu.

Sasa swali la pili, la kurudishwa juu, ambalo nadhani ndilo lililowaudhi wengi. Agosti niliitwa kwenye saiti moja ukingoni mwa Kitulo. Mnaijua baridi ya kule, nyanda iko zaidi ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, na ukungu ukishuka huoni ngazi iliyo mbele ya pua. Sekta ya tatu, yaani antena za upande wa tatu wa mnara, ilikuwa inapiga alamu kila mvua ikinyesha. Mafundi walishapanda mara tatu kabla yangu, na kila mara wanakaza nati na kushuka. Nilipokata tepu kwenye konekta (kiungio cha waya) ya chini ya antena, maji yalimwagika mpaka ndani ya glovu yangu. Tepu ilikuwa nzuri, ya gharama, imezungushwa tabaka zote kwa unadhifu, ila fundi alimalizia kutoka juu kwenda chini. Kila mzunguko ulikuwa umefungua mdomo kuelekea mawinguni. Tabaka la mwisho linapanda, ndugu zangu, linaanzia chini, ili mzunguko wa juu uulalie wa chini, kama unavyoezeka bati. Hakuna anayeezeka nyumba kuanzia kwenye kipaa cha juu.

Hesabuni wenyewe: kosa la dakika kumi limewapandisha watu mara nne kwenye ukungu. Kwa hiyo nikisema ufungaji mzuri wa vifaa ni usalama, nina maana hiyo hasa. Konekta kubwa za aina ya 7/16 hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo, Nyutoni-mita 25 hadi 30, na siyo kwa kuguna. Waya wa athi, wa kupeleka radi ardhini, unashuka bila kupinda kona kali, maana radi za ukanda huu hazipendi kona. Na dira, tafadhali, isisomwe mtu akiwa ameegemea mnara. Chuma kinaivuta sindano, nawe unaielekeza antena kwenye msitu huku kijiji kikikosa mtandao. Sogea mbali, soma, kisha mwelekeze mwenzako aliye juu. Haya yote yako kwenye sehemu ya pili ya darasa, na wengi wanaoyakosea ni wazoefu kuliko wanafunzi.

Kuhusu vyeti vya serikali. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mwaka huu baadhi yetu waliojifunza umeme na uchomeleaji kazini wamepimwa kwa njia hiyo. Nawasihi wengine wafuate. Kazi ya kwenye urefu tunaielekeza OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, ambao pia ndio wanaosimamia vipimo vya afya, na nawaomba msivikimbie vipimo hivyo. Mwenye kizunguzungu au presha ajulikane akiwa chini.

Hapa nina lalamiko. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa kinga na mafunzo. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, na sehemu yake ndiyo inayoendesha mafunzo ya ufundi nchini. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao unalipwa na mwajiri peke yake, fundi hakatwi hata senti. Lakini kazi yetu inashushwa kutoka kwa mkandarasi mkubwa kwenda kwa mdogo, kwa mdogo wake tena, mpaka inamfikia mtu mwenye gari moja na namba za simu za vijana sita. Huyo kwenye karatasi hana mfanyakazi hata mmoja. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa Dodoma mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, jambo jema kwa vijiji vyetu, lakini nani atafika juu ya minara hiyo miaka yote ijayo kubadilisha vifaa? Ni hao vijana sita. Kamati imeandaa barua kwa kampuni kubwa kuomba kila timu inayopanda iwe na angalau wawili waliofuzu uokoaji, na gharama ya mafunzo iwekwe wazi kwenye bei ya kazi. Mtaipigia kura leo.

Mambo madogo. Dada zetu wawili wamemaliza darasa, na tatizo lao halikuwa woga, lilikuwa hanesi: zote tulizonazo ni za miili mikubwa. Tumeagiza ndogo. Waliopata nyuki Chunya, acheni habari ya petroli na moshi wa matairi juu ya mnara wenye betri na nyaya. Kule warina asali ni wengi, mwiteni mmoja jioni, mpeni nauli na masega yake, asubuhi mpande kwa amani. Na wanaoazima spana ya mkazo ya chama warudishe. Iko moja tu, na kwa sasa sijui iko kwa nani.

Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi kila mwanachama hai aje na hanesi yake mwenyewe ikaguliwe. Zitakazoshindwa zitakatwa papo hapo, ya mwenyekiti ikiwemo. Gunia limeshonwa upya.