Mashine haijala gunia lako, mzee

Kazi yangu ni kupukuchua mahindi ya watu kwa mashine, na tangu msimu uanze huyu ni mteja wa tatu kunijia na neno lile lile: mashine yako imekula mahindi yangu. Mzee wa juzi alikuja na karatasi mkononi. Tulimpukuchulia magunia 30 shambani, yote yakapimwa kilo 100. Wiki tatu baadaye kayapima sokoni Kibaigwa, zimepungua kilo 150 na kitu. Akaniambia mbele ya vijana wangu, "Mmeniibia gunia zima na nusu." Liliniuma sana.

Siku ile ya kupukuchua kipima unyevu kilisoma asilimia 18, nikamwonyesha. Nikamwomba, "Mzee, tuyaache yakauke wiki mbili." Akasema washa, fuso la mnunuzi liko barabarani. Mnunuzi akatia mkono kwenye gunia la kwanza, akaondoka. Ndipo mzee akaanika. Sasa piga hesabu: kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikauka hadi 13.5, kiwango cha soko la Afrika Mashariki, zinabaki kilo 95 hivi. Zile tano ni maji. Zidisha mara 30.

Na maji ni nusu ya hasara. Punje mbichi ni laini, ngoma ya mashine inaiponda, chenga zinajaa. Punje iliyopasuka ikikaa na unyevu huota ukungu, na huko ndiko sumukuvu inakotoka. Ikishaingia, kuanika hakuitoi. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu hiyo, malori yalikwama Namanga, na bei huku tuliiona wenyewe.

Huna kipimo? Chukua chupa ya soda iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umepita 15, usiniite. Isipogandia bado nitapima, maana kutoka 15 hadi 13.5 kuna siku kadhaa za turubai. Turubai, jamani, si ardhi tupu.

Bei yangu imezidi ya wenzangu kidogo, najua. Mimi nabadilisha chujio kulingana na ukubwa wa punje, sikimbizi injini ili nimalize mashamba manne kwa siku, na magunzi yaliyobaki na punje nayarudisha mashineni. Mama mmoja mwaka jana alifuata mashine ya bei chee. Alipotuletea tumpepetee, kila debe lilitoa chenga za kujaza sado. Akaziuza chakula cha kuku, na alicholipwa hakikufika hata nauli ya kuzibeba.

Yule mzee ana mahindi mengine bado kwenye magunzi, kihengeni. Jumamosi nilikwenda kuyapima, bure, kama ninavyompimia yeyote. Yamesoma 16. Tumekubaliana nirudi baada ya siku kumi, na safari hii karatasi ya uzito tutaijaza pamoja, na unyevu wa siku hiyo tutauandika pembeni.