Mwanangu, sinia halikuja Afrika

Ngamiani, Tanga
16 Julai 2023

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa baba yako umepoa, sasa anakwenda msikitini mwenyewe na baiskeli amewaachia wajukuu. Najua utaisoma barua hii meli yenu ikishafika pahala penye mtandao, na najua utaruka salamu zote uende kwenye matokeo. Basi nakupa mapema: Ons Jabeur, Mtunisia wetu wa tenisi, amefungwa fainali ya Wimbledon, 6-4, 6-4. Sasa tulia usome yaliyobaki, maana wewe utameza hayo matokeo mara moja, sisi tumekaa wiki mbili mbele ya runinga.

Ulipoondoka ulisema wewe na Ons basi tena. Fainali ya mwaka jana, siku zile za Idi ya kuchinja, alichukua seti ya kwanza kwa Rybakina 6-3, kisha akaachia mbili, 6-2, 6-2, ukasusa pilau, mwanamume mzima na ndevu zako. Nilikucheka. Lakini ni wewe uliyenifundisha kuhesabu kumi na tano, thelathini, arobaini (mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini isiwe arobaini na tano), ukapanda meli ukaniachia ugonjwa.

Basi mwaka huu tulikuwa watano sebuleni: mimi, shangazi yako, mama mkwe wa dada yako, na jirani zetu wawili wa uani. Kila mtu na miyaa yake, anasuka ukili. Vidole vinajua njia, macho yako Wimbledon. Baba yako kila akipita anauliza, "Coastal leo wanacheza na nani?" Anafanya makusudi, anajua hii ni tenisi, si kandanda.

Raundi mbili za mwanzo hazikuwa na neno, zilipita kama chai ya asubuhi. Ya tatu Andreescu wa Kanada alitutia jambajamba, akachukua seti ya kwanza 6-3, Ons akazirudisha 6-3, 6-4. Kvitova ndiye aliyetushangaza. Huyo ni bingwa wa palepale mara mbili, 2011 na 2014, lakini alipewa 6-0 kabla shangazi yako hajamaliza kuchagua miyaa ya rangi. Seti ya pili 6-3, kwaheri.

Kisha robo fainali, Jumatano, nani tena? Rybakina yuleyule. Seti ya kwanza imefika 6-6, nyumba nzima kimya, luku ikakata. Wallahi ni kosa langu, iliita tangu asubuhi nami nikawa napuuza. Nikampa mtoto elfu tano mbio dukani, uniti zikaingizwa, picha inarudi, seti imeshakwenda kwa Rybakina. Jirani akasema afadhali hatukuona, tungeharibu mkeka. Lakini baada ya hapo mtoto wetu alicheza, mwanangu! 6-4, 6-1. Shangazi yako alipiga vigelegele mpaka mpita njia akachungulia mlangoni kuuliza kama kuna posa.

Alhamisi Sabalenka. Yule anapiga mpira na kuunguruma, na siku hiyo angeshinda angekuwa wa kwanza duniani. Akachukua seti ya kwanza 7-6, ya pili akaongoza 4-2. Mama mkwe wa dada yako akaanza kukunja ukili wake, anasema anawahi magharibi, na jua bado liko juu. Nikamwambia kaa. Hapo ndipo Ons alipotoa ule mpira wake wa kudondosha: anavuta mkono nyuma kana kwamba ataupiga kwa nguvu zote, mwenzake anarudi nyuma kujiandaa, kisha anaukata kwa chini tu, mpira unavuka wavu na kufia palepale, kama embe bivu lililoangukia mchangani. Sabalenka mkubwa vile anakimbia na raketi mbele, haufikii. 6-4, kisha 6-3. Mama mkwe akasahau magharibi yake mpaka adhana ilipomkumbusha.

Basi ikumbuke hiyo 4-2. Jana ilikuja tena, safari hii tulioongoza ni sisi.

Fainali ilianza saa kumi jioni kwa saa zetu. Paa la uwanja limefungwa, mpinzani ni Vondrousova wa Jamhuri ya Czech, mshoto, wa 42 duniani, hakuna aliyempangia nafasi yoyote. Tulimdharau, nakiri. Nilikuwa nimepika visheti kabisa, na Ons alipofika 4-2 shangazi yako akafunua sahani.

Mimi nilikuwa natazama mkono. Alhamisi ule mkono ulikuwa mwepesi, jana ulikuwa mkono wa mtu aliyebeba mayai. Mipira ileile ya kudondosha ikawa inaishia kwenye wavu. Na yule wa Czech wala hakupiga kwa nguvu, anaurudisha tu, anaurudisha tena, anamwachia mwenzake kazi ya kukosea. 4-2 ikawa 4-4, ikawa 6-4 ya Vondrousova. Seti ya pili Ons akaongoza 3-1, hakuna aliyegusa kisheti. Nilipokuja kuangalia mapajani, ukili wangu nimesuka upande mmoja rangi ya zambarau imeingia kusikokuwa kwake, kama shubiri mbili hivi. Ndiyo hiyo 3-1 mpaka 6-4.

Akalia, mwanangu. Analia na maikrofoni mkononi, anaahidi kuwa atarudi siku moja kulichukua. Unajua wanawake pale hawapewi kombe, wanapewa sinia la fedha, lile ambalo mimi kila mwaka nasema lingefaa kupelekea mahari. Mshindi kalishika kubwa, Ons kapewa dogo. Shangazi yako akasema, "Hilo dogo wangemwacha tu aende nyumbani."

Ugomvi ulianza runinga ilipozimwa. Jirani mmoja anasema ana nuksi ya fainali: Wimbledon mwaka jana, Marekani mwaka jana kwa Swiatek, na hii, tatu. Shangazi yako anasema ni jicho, kwa nini mwaka jana aliweka picha ya lile sinia kwenye simu yake na kuwaambia watu? Mimi nimekataa yote mawili. Mtu mwenye nuksi hawatoi Rybakina na Sabalenka ndani ya siku mbili. Alibeba Tunisia, Waarabu wote na Afrika nzima juu ya mkono mmoja, na mkono ukachoka. Wakaniambia ninamtetea kama mwanangu. Sikuwajibu.

Na nikuambie kilichonikera: siwezi hata kumchukia yule msichana. Mwaka jana alikuja palepale kutalii tu, mkono umefungwa plasta, hawezi kucheza. Na mume wake wiki zote hizi alibaki kwao kumwangalia paka, akaja kwenye fainali tu! Jirani wa pili kaiona hiyo kwenye simu ya binti yake, tukacheka mpaka tukasahau kulia. Mama mkwe anauliza huyo paka jana aliachiwa nani.

Ukili nimeambiwa niufumue. Sijaufumua, nimeushona vivyo hivyo. Mkeka ni wa chumbani kwako, utauona ukirudi.

Sasa la muhimu. Mashindano ya Marekani yanaanza Agosti 28, ndiyo siku Ons anatimiza miaka 29. Kifurushi cha kisimbuzi kinakwisha kabla ya hapo, baba yako amesema yeye hatoi hata senti, anangoja ligi. Mechi za kule nyingi huchezwa usiku wetu, na zamu ya kuchemsha kahawa tumeshapangana. Nitumie hela ya kifurushi, na ya luku ongeza kidogo.

Mama yako