Pimeni kwanza kabla ya kuihukumu injini ya dizeli ya lita 1.6

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme neno juu ya injini ndogo za dizeli za zamani, hasa ile ya Volkswagen ya lita 1.6 iliyofungwa kwenye Golf, Jetta, Passat na Caddy kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Injini hii hung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu kwa makosa ambayo mara nyingi si yake. Gari likigoma kuwaka asubuhi, neno la kwanza ni "pampu imekufa", la pili ni "kompresheni imekwisha", yaani silinda hazibani tena hewa vya kutosha, na wakati huo wote hakuna aliyeshika geji ya kupimia.

Tuitazame ilivyo. Ina silinda 4 kwenye mstari mmoja, ujazo wa 1,588 cc, kipenyo cha silinda 76.5 mm na mwendo wa pistoni 86.4 mm. Iliyoitangulia, ya mwaka 1976, ilikuwa na 1,471 cc. Kipenyo kilibaki kile kile, kilichorefushwa ni mwendo wa pistoni. Mbano wake ni 23 kwa 1. Isiyo na tabo (feni ya kusukumia hewa ya ziada) hutoa nguvu za farasi 54 kwenye mizunguko 4,800 kwa dakika. Bloku ni ya chuma, silinda hedi ni ya alumini, na silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Pampu ni ya Bosch aina ya VE, haina kompyuta. Kinachohitaji umeme ili injini iendelee kuunguruma ni solenoidi moja tu ya kuzimia, yaani valvu ya sumaku-umeme inayokata dizeli swichi ikizimwa.

Dizeli hapa haimwagwi moja kwa moja juu ya pistoni. Nozeli huipulizia ndani ya kijichumba kilichomo kwenye hedi, ambamo hewa iliyobanwa huzunguka kwa kasi. Mpango huo hupunguza mgongano na kelele, lakini kuta za kijichumba hunyonya joto jingi injini ikiwa ya baridi. Ndiyo maana bila hita plagi, yaani vijiti vya umeme vinavyopasha joto vijichumba hivyo, injini hii huwaka kwa shida au haiwaki kabisa asubuhi ya baridi, hata ikiwa na kompresheni ya kiwandani. Basi uchunguzi uanzie hapo, wala usianzie kwenye pampu.

Fungua kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi zote 4, kisha shika taa ya majaribio iliyofungwa kwenye chanya ya betri uguse kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani ni mzima. Isipowaka, plagi imeungua. Zikiwa zote nzima na bado hazipati umeme, angalia fyuzi yake ya amp 50. Ni kibamba cha chuma kilichofungwa kwa skrubu, na hupasuka ufa mwembamba usioonekana kwa macho, kwa hiyo ipime kwa mita usiishie kuitazama. Plagi iliyoyeyuka ncha ni habari nyingine kabisa: mara nyingi nozeli ya silinda hiyo inachuruzika badala ya kupuliza ukungu, na ukifunga plagi mpya bila kuishughulikia nozeli, mpya nayo itayeyuka. Nozeli za injini isiyo na tabo hufunguka kwenye baa 130 hivi. Zikishuka chini ya 120 zitengenezwe. Kila nozeli inapotolewa, washa ya kuzuia joto iliyo chini yake ibadilishwe. Ya zamani imekwisha kubanwa na haitaziba tena.

Stata ikizunguka kwa uvivu, acha kila kitu utafute betri nzuri na usafishe nyaya za arthi. Dizeli huwashwa na joto la hewa iliyobanwa, na hewa ikibanwa polepole joto lake hutorokea kwenye kuta za silinda.

Sasa hewa kwenye mafuta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo huongoza kwa kufanya pampu isingiziwe. Gari hili halina pampu ya kusukuma mafuta kutoka tangini. Pampu ya VE yenyewe ndiyo inayovuta. Kwa sababu hiyo mpira uliopasuka kati ya tangi na pampu si lazima udondoshe mafuta. Unaweza kuingiza hewa tu, na sakafu ikabaki kavu. Gari likilala, mafuta hurudi tangini taratibu, na asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Likishawaka linakwenda vizuri siku nzima. Ukiona tabia hiyo, funga kipande cha mpira unaopitisha mwanga kwenye njia ya kuingia pampuni uangalie mapovu. Vijimpira vya kurudisha mafuta kati ya nozeli na nozeli, vyenye tundu la 3.2 mm, hukauka na kupasuka. Gharama yake ni ndogo mno kulinganisha na pampu, basi vibadilishwe vyote pamoja. Sili ya mhimili wa mkono wa akseleta juu ya pampu nayo huvuja, na hiyo hubadilishwa bila kuifumua pampu yote.

Hapo hapo kwenye pampu kuna mtego unaowanasa hata mafundi wazuri. Boliti mbili zenye tundu, ya mafuta yanayoingia na ya yanayorudi, zinafanana kwa umbo na uzi. Ya kurudisha imeandikwa OUT kichwani na ndani yake kuna kijitundu chembamba kinachodhibiti presha ya ndani ya pampu. Zikibadilishana mahali, injini haina nguvu au haikai sawa, na mwenye gari huuziwa pampu. Kabla ya kutoa senti, soma vichwa vya boliti hizo.

Solenoidi ya kuzimia hupimwa kwa sekunde chache: washa swichi, chomoa waya wake na urudishe. Lazima isikike ikigonga "tak". Isiposikika na waya una volti 12, solenoidi ndiyo mbovu.

Tukija kwenye mkanda wa taimingi, unaopanga valvu na pampu zifanye kazi kwa wakati wake, hapo ndipo injini hii hufia kweli. Mkanda mmoja huzungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) na pampu ya dizeli. Ukikatika au ukiruka meno, pistoni hugonga valvu, kwa kuwa kwa mbano wa 23 kwa 1 hakuna nafasi ya kupishana. Ushauri wangu ni kuubadilisha kabla ya kilomita 80,000 au miaka 5, pamoja na rola yake ya kukazia, na mapema zaidi kama oili au dizeli imeudondokea. Ukaze kwa kipimo chake maalumu mpaka kisome kati ya 12 na 13. Kuukunja kwa vidole ni kukisia.

Kazi yenyewe haifanywi kwa alama za chokaa. Leta alama ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) mahali pake kupitia tundu la nyumba ya gia, silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa. Fungua kifuniko cha valvu. Nyuma ya kemshafti kuna mfereji unaoingia kipande bapa cha chuma, na kipande hicho husawazishwa kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) zenye unene sawa pande zote mbili. Gia ya pampu ifungwe kwa pini yake. Kisha legeza boliti ya gia ya kemshafti na uigonge gia kutoka nyuma mpaka iachie, maana haina ufunguo, yaani kijichuma cha kuifunga isizunguke juu ya mhimili. Imeshikwa kwa mbano wa koni tu. Anayeruka hatua hii huwa amefunga mkanda kwa makosa hata kama alama zote zinaonekana sawa. Vika mkanda, ukaze, kisha funga boliti ya kemshafti kwa Nm 45. Toa pini na kipande bapa, zungusha injini kwa mkono mizunguko 2 kamili, ukague upya.

Ukiwa hapo, kagua gia ya chini, ya krenki shafti (mhimili unaozungushwa na pistoni). Boliti yake ikilegea, ufunguo wa gia husagika kidogo kidogo, taimingi huchelewa, gari hupoteza nguvu na kutoa moshi mweupe, na mwishowe valvu hugongwa ingawa mkanda ni mpya. Weka boliti mpya kila inapofunguliwa, na gia yenye ufunguo uliolika itupwe.

Baada ya mkanda hupimwa taimingi ya pampu kwa geji ya saa inayoingia katikati ya paipu 4 za nozeli. Kidude cha kusaidia kuwasha injini ikiwa baridi kisukumwe ndani kwanza. Zungusha injini kinyume polepole mpaka mshale utulie, weka geji kwenye sifuri, kisha zungusha mbele mpaka alama ya flaiwili. Kwa injini nyingi zisizo na tabo kipimo ni karibu 0.90 mm, lakini fuata kipimo cha herufi za utambulisho za injini yako. Kuwaka kwa shida, kukosa nguvu na moshi mweupe unaochoma macho huja na taimingi iliyochelewa. Mgongano mkali wa chuma huja na iliyotangulia mno.

Kompresheni ndiyo ipimwe sasa, baada ya hayo yote. Injini iwe na vuguvugu, waya wa solenoidi uchomolewe, na geji iwe ya dizeli. Mpya husoma baa 34. Chini ya 28, au tofauti ya zaidi ya 5 kati ya silinda na silinda, hapo ndipo pa kufungua. Kabla ya kulaumu ringi, kumbuka kwamba injini za kabla ya Agosti 1985 hurekebishwa nafasi ya valvu kwa visahani, na nafasi iliyokwisha huivujisha kompresheni vile vile.

Oili nitaigusa tu: tumia ya dizeli, badilisha kila kilomita 7,500, na usishtuke ikiwa nyeusi siku ile ile. Usiijaze kupita alama. Oili iliyozidi inaweza kuvutwa kupitia njia ya kupumulia, injini ikaichoma kama mafuta na kupaa mizunguko hata swichi ikiwa imezimwa. Likitokea hilo gari likiwa limesimama, kanyaga breki kwa nguvu, tia gia kubwa, uachie klachi.

Hedi ikilazimika kutoka kwa sababu ya joto, nyufa ndogo kati ya valvu si hukumu ya kifo: zisizozidi upana wa 0.5 mm zinaruhusiwa. Iliyopinda ndiyo ibadilishwe, maana hedi hii haikwanguliwi. Ukiikwangua, valvu na vijichumba hushuka kuelekea pistoni. Unene wa gasketi huchaguliwa kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku, na hutambulika kwa alama zilizokatwa pembeni, moja, mbili au tatu. Kama pistoni na bloku hazikuguswa, nunua yenye alama sawa na iliyotoka. Boliti za 12 mm ziwe mpya: Nm 40, kisha Nm 60, kisha nusu mzunguko. Washa injini ipate joto, ongeza robo mzunguko bila kulegeza, na robo nyingine baada ya kilomita 1,600. Robo hii ya mwisho ndiyo wengi hawaifanyi, na gasketi mpya inaanza kuvuja kabla ya mwaka kuisha.

Ndimi,
Msomaji wako, fundi wa dizeli